Makosa Hayakuwa ya Santuri

Mwaka jana niliandika uongo kuhusu wimbo mmoja. Sikukusudia. Nilikuwa nimeisikiliza santuri ya "Sina Makosa" ya Les Wanyika labda mara hamsini, nikaketi, nikaandika kwa ujasiri wa mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno kwamba besi ya ngoma ile ni matope. Nilisema studio za Nairobi za miaka ya sabini hazikujua kuishika besi. Nilisema gitaa la Tom Malanga linasikika kama mtu anayeongea akiwa na ugali mdomoni. Huo mfano wa ugali niliupenda sana. Watu waliushea.

Leo naurudisha. Besi haina matope. Matope yalikuwa kwangu, Kitale, kwenye keja yangu ya ghorofa ya kwanza, juu ya posho mili.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Siku hizi vijana wengi wa umri wangu wananunua santuri. Kuna wanaozitoa Kenyatta Market, kuna waliorithi masanduku ya babu, kuna wanaozipata kwa mama anayeuza vyombo vya mitumba na ambaye hajui ameshika nini. Tunaziweka kwenye pleya ya bei ya chini, tunapiga picha, halafu tunaanza kutoa maoni. Ngoma hii imerekodiwa vibaya. Hii ina joto la zamani. Hii inaunguruma, lakini si ndio utamu wenyewe? Tunahukumu mafundi waliokwisha zeeka au kufa, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza meza iliyobeba pleya imesimama juu ya nini.

Wacha nieleze keja yenyewe. Chumba kimoja, sakafu ya saruji, dirisha linatazama barabara. Chini kuna mashine ya kusaga mahindi, na hii ni Trans Nzoia, mahindi hayaishi. Kuanzia saa tatu asubuhi inaunguruma hadi jioni. Mwezi wa kwanza nilidhani nitahama. Mwezi wa tatu nilikuwa siisikii tena, vile mtu anavyoacha kusikia saa ya ukutani. Nilikuwa na meza moja tu. Juu ya meza hiyo niliweka pleya katikati, spika moja kushoto, nyingine kulia, kompyuta mbele. Ilipendeza. Ilikuwa pia mpangilio mbaya kuliko yote ambayo mtu angeweza kubuni, na sikujua.

Ili ujue kwa nini, fikiria kazi ya sindano. Mfereji wa santuri una upana kama wa unywele. Sindano inapita ndani yake ikitikiswa na kuta za mfereji, na mtikisiko huo mdogo, ambao huwezi kuuona kwa macho, ndio muziki wote: sauti, magitaa, ngoma, kila kitu. Katriji inaugeuza kuwa stima kidogo sana. Zile za kawaida hutoa kama millivolti 5, kisha amplifaya inaikuza mara mia hivi kabla hata hujagusa kitufe cha sauti. Sasa, sindano haina akili. Haijui tofauti ya mtikisiko uliochongwa na fundi na mtikisiko unaotoka kwenye meza. Ikitikiswa, inaripoti. Ukikohoa karibu nayo inaripoti. Lori likipita inaripoti. Mashine ya kusaga ikiwashwa, inaripoti bila kuchoka hadi saa kumi na moja jioni.

Na besi ndiyo inayoumia zaidi. Mfereji wenye besi kamili ungekuwa mpana mno, sindano ingerushwa nje na santuri isingetosha wimbo. Kwa hiyo wanaochonga hupunguza besi kwanza, halafu amplifaya huirudisha nyumbani kwako. Mwaka 1954 kampuni za Marekani zilikubaliana kipimo kimoja cha kufanya hivyo, kinachoitwa RIAA hadi leo. Kwa kipimo hicho, sauti ya chini kabisa, ya mitetemo 20 kwa sekunde, hukuzwa karibu mara kumi kuliko sauti ya katikati. Maana yake ni kwamba kitu chochote kinachonguruma chini ya meza yako kinapewa kipaza sauti cha bure. Pleya yako ni sikio lililolala sakafuni.

Nilimwuliza fundi wa pale chini mota yake inazunguka mara ngapi. Akanionyesha kibati: 2,900 kwa dakika. Gawa kwa sitini. Ni kama mara 48 kwa sekunde. Sasa chukua gitaa la besi: waya wa chini kabisa, E, ukiwa wazi hutoa mitetemo 41. Panda vidole vitatu, ufike G, ni 49. Manze, mashine ya mahindi ilikuwa inapiga besi. Kwa miezi yote ile, chini ya kila kidole cha Malanga, kulikuwa na G moja ndefu isiyo na mwisho, na mimi nikaiita ugali wa Malanga.

Halafu kuna lile jambo la pili. Kwa sababu mashine ilikuwa inaunguruma, niliongeza sauti ili niisikie ngoma. Spika zilikuwa juu ya meza ileile. Unajua vile maikrofoni ya kanisani inavyolia mhubiri akisogea karibu na spika? Ni kitu kilekile. Spika inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko kwa amplifaya, amplifaya inaupeleka kwa spika, spika inatikisa meza zaidi. Tofauti ni kwamba maikrofoni hupiga mluzi, ukashtuka na kuzima. Pleya haipigi mluzi. Inaanza na mvumo mzito, wa chini, unaoongezeka polepole. Kabla haujafika kuvuma wazi, unakuwa tayari unaipaka besi rangi: kila noti inabaki ikining'inia baada ya kidole kuondoka, na nafasi kati ya noti zinajaa. Ukisikia hivyo unasema, aki, hii ni joto la santuri. Si joto. Ni meza.

Haya yote sikuyagundua kwa akili yangu. Niligunduliwa.

Santuri ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya khocha, kaka yake mama, anayekaa Bungoma, ndani kidogo ukitoka Kanduyi kuelekea Chwele. Aliniazima pamoja na nyingine kumi na mbili, akanihesabia moja moja mkononi kama pesa. Mwezi wa Desemba nilienda kuzirudisha. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mfuko magotini njia nzima kwa sababu makanga alitaka kuutupa kwenye buti.

"Mulembe, khocha."

"Mulembe. Watoto wangu wako wapi?"

Alimaanisha santuri. Alizipokea, akaitoa ile ya Les Wanyika kwenye karatasi yake, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Hakusema kitu. Nyumba yake ya zamani, ile ya udongo aliyoiacha wakati alijenga ya matofali, ndiyo chumba chake cha muziki. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa na kusiribwa. Pleya iko juu ya ubao, ubao uko juu ya gunia la mchanga, gunia liko chini kabisa, ardhini. Spika ziko ukuta wa mbali, kila moja juu ya stuli yake. Hakuna kilichogusana na kingine isipokuwa waya.

Akaweka sindano. Na mimi, mkosoaji, nikasikia kwa mara ya kwanza wimbo niliokuwa nimeuandikia maneno elfu moja.

Besi ilikuwa kavu. Ilikuwa inaingia, inasema kitu, inanyamaza. Kunyamaza kwenyewe kulikuwa na umbo. Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyefumaniwa.

Baada ya dakika moja khocha aliinua mkono. Si kwa sababu ya besi. "Sikiza hapo anapoimba. Hiyo *sss*. Haikuwa hapo." Aliirudisha sindano nyuma, tukasikiliza tena. Kweli, kila sauti ya *s* ilikuwa inakwaruza, kama mchanga kwenye mchele. "Uliweka nini juu ya mkono wa pleya?"

Shilingi kumi. Sindano yangu ilikuwa inaruka mtu akipita na mkokoteni au mimi mwenyewe nikitembea chumbani, kwa hiyo niliibandikia sarafu kichwani ili itulie. Mtu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na baba yake. Sindano ya kawaida huhitaji uzito wa gramu 2 hivi. Sarafu inaongeza gramu kadhaa juu ya hizo. Haikuruka tena. Ilikuwa inalima.

"Umeilima," khocha akasema. Hakupandisha sauti. "Hii nilinunua nikiwa kijana kuliko wewe."

Mfereji uliolimwa haurudi. Hakuna dawa. Na hapa ndipo mambo yanapoacha kuwa mchezo wa watu wa spika. Kwa nyimbo za bendi kubwa kama Les Wanyika, sawa, kuna nakala nyingine, kuna kaseti, kuna za kidijitali. Lakini kwenye sanduku la khocha kuna santuri za magitaa ya Kiluhya za inchi 7 ambazo sijawahi kuziona popote pengine, wala kuzikuta mtandaoni. Kwa ngoma za namna hiyo, plastiki ile mkononi inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu yenyewe. Kampuni za nje zinazotoa upya muziki wetu mara nyingi hulazimika kunakili kutoka kwa santuri zilizochakaa, kwa sababu kanda za studio hazipatikani. Kila mara unapoicheza vibaya unafuta kidogo. Na mimi niliifuta ya mtu mwingine, halafu nikamlaumu mpiga besi.

Nilimwuliza khocha alijifunzia wapi mambo ya gunia. Akacheka. Disko matanga. Miaka ya themanini alikuwa anakodishwa kupiga muziki usiku kwenye matanga, jenereta ikiunguruma nyuma ya nyumba, watu mia mbili wakirukaruka kwenye uwanja wa udongo. Mara ya kwanza aliweka pleya juu ya meza ya mbao, spika kando yake. Sindano iliruka, spika zikavuma, wazee wakamwambia azime, anawasumbua hata wafu. Mara ya pili aliomba gunia la mahindi, lile la kilo 90, akaliweka chini mbali na wachezaji, akaweka pleya juu yake. Ilitulia. "Gunia ni zito, halafu ndani limelegea," akaniambia. "Ukilipiga, linanyamaza nalo."

Mimi nilisoma fizikia mihula mitatu kabla ya kuacha chuo, na hakuna mwalimu aliyeniambia jambo hilo vizuri hivyo. Uzito unafanya kitu kiwe kigumu kutikiswa. Ulegevu wa ndani, punje zikisuguana, unakula mtikisiko na kuugeuza kuwa joto kidogo badala ya kuurudisha. Gunia la mahindi lina vyote viwili.

Huko nje watu wameumiza kichwa kwa swali hilihili. Mwaka 1961 kampuni ya Marekani ya Acoustic Research, ya Edgar Villchur, ilitoa pleya ambayo sahani na mkono vimefungwa pamoja na kuning'inizwa kwa springi, ili mwili wa pleya ukitikisika wao wasijue. Mwaka 1972 Wajapani wa Technics wakatoa SL-1200, na toleo lake la 1979 likawa pleya ya madijei dunia nzima: zito, gumu, limejazwa mpira chini, halijali. Shule mbili. Moja inasema ning'inia, nyingine inasema lemea. Khocha ni wa shule ya pili na hajawahi kusikia jina la yeyote kati yao.

Nikirudi nyuma zaidi, kulikuwa na wakati swali lenyewe halikuwepo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi kule Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakimwimbia "Chemirocha", na huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemjua kwa sauti ya gramafoni tu. Gramafoni za kupiga winchi hazikuwa na amplifaya. Sindano ilitikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa hewa, basi. Ungeweza kuiweka juu ya ng'ombe anayetembea, ingekwaruza na kuruka, lakini isingevuma. Mvumo ulikuja na stima. Tulipopata nguvu ya kukuza sauti ya sindano tulikuza na nyumba zetu pia.

Nilirudi Kitale na aibu na orodha. Nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii huku akiiangalia meza yake.

Kwanza, kipimo. Zima mota ya pleya, weka sindano juu ya santuri usiyoijali, ikiwa imesimama. Ongeza sauti hadi unapopenda kusikilizia. Gonga meza kwa kidole. Ukisikia kishindo kwenye spika, meza yako ni maikrofoni. Endelea kuongeza sauti polepole, mkono ukiwa tayari kuzima. Mvumo ukianza kujijenga wenyewe, umeuona ule mzunguko. Kwangu ulianza chini kidogo tu ya sauti niliyotumia kila siku. Nilikuwa naishi ukingoni.

Pili, nilitenganisha. Spika zikatoka mezani, zikakaa kwenye kreti mbili upande wa pili wa chumba. Hiyo ni bure, na peke yake ilifanya kazi kuliko yote yaliyofuata. Pleya nikaitoa kwenye kona pia, kwa sababu sauti za besi hujikusanya kwenye kona za chumba kama maji ya mvua. Kifuniko cha plastiki nikakitoa kabisa wakati wa kucheza. Kikiwa kimefungwa au kimeinuliwa ni ngozi ya ngoma tu, kinapokea hewa ya spika na kuishusha kwenye pleya.

Tatu, ile mashine. Spika zikiwa mbali, mashine bado ilikuwa inapanda kupitia sakafu. Hapa nilikosea mara mbili. Nilikata akala kuukuu nikaweka vipande vinne chini ya pleya: hakuna kilichobadilika, mpira wa tairi ni mgumu mno, unapitisha kila kitu. Nikakata sponji ya godoro: ikalala bapa chini ya uzito, upande mmoja zaidi, pleya ikainama. Kitu laini kikishalala bapa si laini tena.

Kinachofanya kazi ni uzito juu ya ulaini unaolingana nao. Kila kitu kilichowekwa juu ya kitu kinachobonyea kina mwendo wake wa kupenda, kama bembea. Ukiisukuma bembea kwa mwendo wake, inapanda. Ukiitikisa haraka kuliko huo, mara nyingi zaidi kwa sekunde, inakaa pale pale, haikufuati. Kwa springi ya kawaida hesabu ni nyepesi: ikibonyea sentimita 1 chini ya mzigo, mwendo wake ni kama mara 5 kwa sekunde. Mashine inatikisa mara 48. Bembea ya 5 haiwezi kumfuata mtu wa 48. Lakini usiache mwendo huo uangukie kati ya 8 na 12, maana hapo ndipo mkono wa pleya wenyewe na katriji yake hupenda kucheza, na vikikutana vitashikana mikono.

Kwa fundi wa jikoni nikapata kipande cha granaiti kilichobaki, kama kilo 11. Kwa fundi wa baiskeli nikapata tyubu ya baiskeli ya mtoto, nikaijaza upepo nusu. Tyubu chini, granaiti juu yake, pleya juu ya granaiti. Nikaisawazisha kwa pimamaji la kuazima, kwa sababu pleya iliyoinama huvuta sindano upande mmoja wa mfereji. Waya nikaziacha zilegee, waya iliyokazwa ni daraja. Sarafu nikaitumia kununua mandazi. Uzito wa sindano nikaupima upya kwa kimizani kidogo, gramu 2 kamili.

Nikagonga meza. Kimya, karibu kabisa. Wacha nisidanganye tena: nikitembea kwa kishindo bado inayumba kidogo, kwa sababu hatua za mtu ni za polepole na bembea yangu huzifuata. Ndio maana mwenye sakafu ya mbao, kama zile nyumba za zamani za walowezi huku Trans Nzoia, asiniige. Huyo afunge rafu kwenye ukuta wa mawe, miguu ya watu isiifikie. Mwenye sakafu ya udongo chini, kama khocha, anahitaji gunia tu. Hakuna dawa moja. Kuna nyumba yako.

Na hili ndilo nililotaka kusema kuhusu ukosoaji. Tunapenda kuzungumza kuhusu muziki wa zamani kana kwamba unatufikia kutoka mbinguni. Haufiki hivyo. Unapita kwenye sakafu, ubao, waya, deni la stima, jirani. Nairobi nimewahi kukaa kwenye baa ya usiku wa santuri, spika zimewekwa juu ya kaunta moja na pleya, besi inavuma hadi glasi zinatembea, na mseja mmoja akaniambia akiwa amefumba macho, "Sikia hiyo uchafu, buda, hiyo ndiyo Afrika." Hapana. Hiyo ndiyo kaunta. Kuna dharau iliyojificha humo, na mimi nilikuwa nayo: kuamini kwamba watu wetu wa zamani hawakuweza kutoa sauti safi, kwa hiyo tuupende uchafu wao kwa huruma. Walikuwa wameusafisha. Sisi ndio tuliouchafua, halafu tukauita urithi.

Basi nilisikilize upya, kama nilivyopaswa kufanya mwaka jana. Les Wanyika ilizaliwa mwaka 1978, wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga waliotoka Tanga. Waliotoka walikuwemo Omar Shabani wa gitaa la kati, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. John Ngereza akaungana nao. "Sina Makosa" ikawa ngoma yao kubwa kuliko zote. Niliandika kwamba ni wimbo wa gitaa wenye besi mbovu. Ni kinyume. Ni wimbo wa besi, na magitaa yanaizunguka.

Malanga hapigi kila pigo. Anatoa kauli fupi, halafu anaacha shimo, na gitaa la Shabani, kavu, jembamba, linapita juu ya shimo hilo bila kulijaza. Ngoma za Juma zimetulia kwa makusudi. Hakuna anayekimbia. Mwimbaji anajitetea mbele ya mtu aliyeamua kumchukia, na bendi nzima inampa nafasi ya kujitetea. Ukizijaza zile nafasi kwa mvumo, kama nilivyofanya mimi, unapata wimbo wa kubembeleza, mtamu, mzito, wa kulalia. Ukiziacha wazi unasikia mahakama. Mtu anaongea, ukimya unasikiliza. Zile nafasi ni zamu ya mshtaki, na mshtaki hajibu. Kwa masikio yangu ya sasa huo ndio uchungu wa ngoma ile, na uko mahali ambapo hakuna noti. Haiwezekani kuukosoa kimya kama nyumba yako haina hata kimoja.

Na jina lenyewe, jamani. Santuri iliniambia kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa, mwaka mzima.

Posho mili ingali hapo chini. Sina ugomvi nayo, unga wangu wenyewe unatoka huko. Nimejifunza tu kuandika mchana na kusikiliza baada ya saa kumi na moja. Jioni ile mashine inapozimwa, kuna sekunde chache ambapo chumba kizima kinashuka, kama mtu aliyetua mzigo, na ninatambua tena kwamba kumbe ilikuwa inaunguruma.

Khocha hakunipa santuri nyingine. Sikuomba. Mwezi wa Aprili nilimpigia simu nimweleze kuhusu granaiti na tyubu, akasikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili ya maana kuhusu upepo wa tyubu. Halafu akasema nije Agosti baada ya kuvuna, niibebe ile pleya yangu na granaiti yake, niiweke kwenye nyumba ya udongo karibu na yake, tuisikie. Ikinyamaza vizuri, ataniazima moja.

Ile ya Les Wanyika haimo kwenye mazungumzo. Inabaki Bungoma, na kila mwimbaji anapofika kwenye *s*, ule mkwaruzo ni saini yangu.